Je, Wajua? Wingu Kwenye Ramani Si Pambo

Je, wajua kwamba mstari wa mawimbi unaozungushwa kwenye ramani ya jengo, mfano wa wingu, unaonyesha mahali palipobadilishwa? Kando yake hukaa pembetatu ndogo yenye namba au herufi ya toleo. Namba hiyo hurudiwa kwenye jedwali la marekebisho pembeni mwa karatasi, pamoja na tarehe na maelezo ya kilichobadilika.

Katika Revit, programu ya kuchorea majengo, wingu likichorwa jedwali hujijaza lenyewe. Marekebisho yakishawekewa alama kuwa yametolewa, maelezo na mawingu yake hufungwa, mtu asije akayagusa kimyakimya. Naiona hii kuwa kinga bora kuliko zote, kwa sababu fundi wa Kahama au Geita mjini anayesuka nondo kwa karatasi ya zamani hana namna ya kujua kwamba nguzo imehamishwa kimyakimya. Zege likishamwagwa, ni kubomoa.

Migodini, chini ya ardhi, hatari ni kubwa zaidi. Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, ni mgodi wa njia za chini, na ramani yake hubadilika kila mwamba unapolipuliwa. Geita nako kulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, miaka mingi kabla ya mgodi wa sasa kuanza mwaka 2000. Njia ya kale isiyo kwenye ramani inaweza kuwa imejaa maji, na anayechoronga kuielekea anahatarisha roho za wenzake.