Miaka Isiyohesabiwa
Nimeketi katika kamati za kupandisha wahadhiri vyeo. Huhesabiwa makala, miaka ambayo mtu amekitumikia chama cha wataalamu wenzake hupitwa kimya. Kwa mizani hiyo, Henri Hogbe-Nlend wa Kameruni angepunjwa. Wanahisabati wa Afrika walipounda Umoja wao mjini Rabat mwaka 1976, yeye ndiye aliyechaguliwa rais, akaushika usukani hadi 1986. Mwaka 1978 likazaliwa jarida lao, Afrika Matematika (jina lisilomhitaji Mswahili kutafsiriwa). Awali, msomi wa Nairobi aghalabu aliandikiana na London, mwenzake wa Yaoundé asimjue. Sisi wanaisimu twajidai mabingwa wa mawasiliano. Ni nani kati yetu angeiweka kando makala yake aandike barua za kuitisha mkutano?