Umpige Nani Kwanza? Bei ya Kila Shambulio Mezani

Katika karata za watu wengi, hakuna shambulio la bure. Ukimlambisha mwenzako karata mbili, umeiachia silaha ambayo hutakuwa nayo baadaye, umempa nafuu mtu wa tatu ambaye hakutoa chochote, na pengine umejitafutia kisasi. Hapa tunalinganisha gharama hizo kwa kutumia huit américain, mchezo unaochezwa Kisangani kuanzia vivuli vya Mangobo, watoleka wanapoegesha baiskeli kungoja abiria, hadi ukingoni mwa mto, watu wanaposubiri mtumbwi wa kuvukia Lubunga. Kenya wana ndugu yake waitao kadi, na Uganda wana matatu, kwa hiyo hesabu hizi zitawafaa na wao.

Sheria hutofautiana kati ya meza na meza. Tuchukue zilizozoeleka: watu wanne, karata saba kila mmoja, na pakiti ya karata 54 pamoja na jokeri mbili. Namba 2 humlambisha anayefuata karata mbili na kumpotezea zamu. Akiwa na 2 yake anaweza kuiongeza, na wa baada yake akalamba nne. Jokeri hulambisha nne au tano, kulingana na makubaliano. Namba 8 hubadili rangi. Ipo pia karata ya kumruka anayefuata, na ipo ya kugeuza mzunguko.

Kwanza, nani analipa?

Swali hili linatangulia yote. Kuna meza ambazo kila mmoja anaweka faranga zake chini na anayemaliza kwanza anazoa zote. Kuna nyingine ambazo wanaomaliza wanatoka mmoja mmoja, na anayebaki wa mwisho ananunua vinywaji vya wote. Wachezaji wengi hushambulia kwa namna moja katika meza zote mbili, na hapo ndipo wanapopoteza.

Mshindi akizoa zote, adui ni mmoja tu: anayekaribia kumaliza. Kumpiga mwenye karata kumi hakukuletei kitu, kwa sababu hata bila wewe hakuwa karibu na fedha. Lakini wa mwisho akiwa ndiye mlipaji, anayeongoza hakudai chochote. Mwache atoke. Mshindani wako ni yule mliyelingana naye nyuma, na kila karata anayolamba yeye inakusogeza wewe mbali na deni.

Silaha na bei zake

*Namba 2.* Ni nafuu na ina nguvu, ila inaweza kupitishwa kwa mwingine. Tuseme una 2 moja tu na hakuna nyingine iliyokwisha kutoka. Mwanzoni karata usizoziona ni 46, ukitoa saba zako na ile iliyofunuliwa mezani, na ndani yake mna 2 tatu. Mlengwa mwenye karata mbili atakuwa na jibu takriban mara 13 katika 100. Mwenye tano, mara 30. Mwenye saba, mara 40. Mwenye kumi, zaidi ya nusu. Kwa hiyo 2 inafanya kazi vizuri zaidi kwa mwenye karata chache, na kadiri mkono wa mlengwa unavyonenepa ndivyo pigo linavyoweza kumpita na kumwangukia mtu ambaye hukumkusudia.

*Jokeri.* Ndiyo ghali kuliko zote. Zipo mbili tu, na ikikubakia mkononi kwenye meza inayohesabu pointi, kwa kawaida inakugharimu pointi nyingi. Iweke kwa ajili ya mtu aliyebakiza moja au mbili. Kuitupa mwanzoni, wakati kila mmoja ana saba, ni kulipa bei kubwa kwa nafuu ambayo mizunguko michache itaifuta.

*Kuruka.* Inamchelewesha jirani zamu moja bila kumwongezea karata. Ni bei ndogo kwa faida ndogo. Inafaa unapohitaji kununua muda tu.

*Kugeuza.* Thamani yake inategemea mtu alipokaa, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote.

*Namba 8.* Haimlambishi mtu, lakini inaweza kumfungia anayeongoza kwenye rangi asiyokuwa nayo. Ikiwa alilamba mara ya mwisho rangi ilipokuwa kopa, irudishe kopa.

Alipokaa adui

Huwezi kumpiga umtakaye, unampiga anayefuata. Kwa hiyo kiti kina bei yake.

Anayeongoza akiwa anacheza mara tu baada yako, una machaguo yote. Ukiwa na 2, itupe. Usipokuwa nayo, geuza: watacheza wengine wawili kabla yake, na mmoja wao anaweza kuwa na silaha uliyoikosa.

Akiwa amekaa mkabala nawe, kazi ni ya jirani yako. Usimpige jirani huyo, kwa kuwa utampotezea zamu na kumwachia anayeongoza njia nyeupe. Cheza rangi ambayo umemwona jirani akiipenda, umpe nafasi ya kutoa silaha yake. Gharama yake ni kwamba unamtegemea mtu mwingine, lakini karata zako kali zinabaki mkononi.

Akiwa amecheza kabla yako, usigeuze kabisa. Wengi hugeuza wakidhani wanamkabili, kumbe wanamrudishia zamu papo hapo. Kama amebakiza moja, umempa nafasi ya kumaliza. Acha mzunguko uendelee na umwachie kazi anayecheza kabla yake.

Gharama ya uhusiano

Mnacheza tena kesho, na watu wanakumbuka. Mchezaji anayemwandama mtu mmoja kwa sababu ya hasira huishia kupigwa naye raundi nzima, huku wengine wawili wakimaliza kwa raha. Kinga ni kuwa na sababu ambayo kila mtu anaiona. "Yaya, unanionea!" "Sikuonei, leki, mdogo wangu. Angalia goti lako, umezifunika mbili tu." Jibu hilo linamaliza ugomvi, kwa sababu idadi ya karata iko wazi mbele ya wote.

Kinyume chake, ukiongoza mapema ujue utapigwa na watatu. Mwaka 1954 mchumi Martin Shubik aliandika juu ya pambano la watu watatu wenye shabaha tofauti, akaonyesha kuwa mwenye shabaha kali si lazima ndiye atakayenusurika, kwa sababu wawili wengine wana sababu ya kumwondoa yeye kwanza. Mezani ni vivyo hivyo: kubakiza tatu huku una 2 ya kujibu ni salama kuliko kubakiza moja mikono mitupu.

Ushauri wetu

Kama mshindi anazoa zote, weka silaha mpaka mtu abakize karata tatu au pungufu, kisha mpige huyo tu. Anza na 2, jokeri iwe ya mwisho.

Kama wa mwisho ndiye mlipaji, waache wanaoongoza watoke, na umpige mliyelingana naye. Hapa weka 2 mbili ukiweza. Mkibaki wawili hakuna tena mtu wa kupitishiwa: 2 utakayoitupa ikijibiwa inakurudia wewe ikiwa nne, na ya pili ndiyo itakayokuokoa.

Na kabla karata hazijagawiwa, kubalianeni kwa sauti nani analipa, jokeri inalambisha ngapi, na kama mtu anaruhusiwa kumalizia kwa karata ya kushambulia. Kwenye meza inayokataza hilo, silaha uliyoiweka muda mrefu mno inakuwa garasa mkononi mwako, kwa hiyo itoe ungali na karata tatu.