Kabla ya Hakimu, Kuna Fomu

Mwaka 1983, katika gereza la Angola, jimbo la Louisiana, Marekani, askari wawili walimshambulia mfungwa Keith Hudson akiwa na pingu mikononi na minyororo miguuni. Msimamizi wao alikuwa hapohapo akitazama. Aliishia kuwaambia wasizidishe raha. Hudson alibaki na uso uliovimba, meno yaliyolegea na meno ya bandia yaliyopasuka.

Alifungua kesi ya madai, akapewa fidia ya dola 800. Mahakama ya rufaa ikaitengua kwa kuona majeraha ni madogo. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ikampa haki yake: askari anayempiga mfungwa kwa nia ya kumuumiza tu anavunja Katiba, hata asipomvunja mfupa.

Kesi za aina hii husimama juu ya sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa wakati Ku Klux Klan ikiwatesa watu weusi na maofisa wa Kusini wakifumba macho. Anayedaiwa ni ofisa mwenyewe, kwa jina lake.

Tatizo lilianza 1996. Congress ililalamika kwamba wafungwa wanazijaza mahakama kesi za ovyo, ikatunga sheria ya kuwabana: mfungwa hashtaki mpaka amalize ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza. Yaani fomu ya kumlalamikia askari inapokelewa na wenzake! California ilitoa siku 15 za kazi tu, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikasema anayechelewa kesi yake haisikilizwi. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo inamlinda zaidi askari mbaya kuliko mahakama yenye kazi nyingi.

Afueni ipo, ingawa ndogo. Tangu 2016, utaratibu uliozibwa kwa vitisho au hila haumfungi mfungwa. Mwaka 2025, katika kesi ya Michigan ambamo mfungwa alidai ofisa aliziharibu fomu zake, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba ubishi wa fomu ukiwa umefungamana na madai yenyewe, utaamuliwa na jopo la raia, si jaji peke yake.

Mwenye ndugu aliyefungwa huko amhimize ajaze fomu mapema, aandike tarehe na majina ya waliohusika, akate rufaa kila ngazi na abaki na nakala. Wakili atafutwe huku hayo yakiendelea.