CHUMBA CHA BATRI LAZIMA KIPUMUE

Labda nyumbani kwako iko batri moja tu ya gari, ile ya taa na redio usiku. Labda wewe ni muuguzi wa zahanati kwenye njia ya Ubundu, na unatunza batri sita za pano za jua kwa ajili ya taa ya chumba cha kuzalia. Maneno haya ni yenu wote wawili.

Hapa Kisangani tuna mtambo wa umeme kwenye mto Tshopo tangu miaka ya 1950, lakini umeme haufiki kila parseli, na pale unapofika unakatika. Ndiyo sababu batri ni nyingi Mangobo, Kabondo na ng'ambo Lubunga. Na kwa kuwa batri ni mali, tunaiweka chumba cha kulala, tunafunga dirisha sana sana, tunaogopa mwizi. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Ndani ya batri mna kitu gani? Mna bamba za risasi ndani ya maji yenye asidi ya sulfuriki. Ukichaji, hasa batri inapokaribia kujaa, maji yale yanatoa mapovu kama sufuria inayotaka kuchemka. Kumbe hayachemki. Umeme unayapasua kuwa hewa mbili, oksijeni na hidrojeni. Hidrojeni haina rangi wala harufu. Ni nyepesi kupita hewa zote, kwa hiyo inapanda na kujikusanya chini ya dari. Ikifika sehemu 4 katika sehemu 100 za hewa ya mahali pale, cheche moja inatosha kuilipua. Na cheche si kiberiti peke yake. Swichi ya taa inatoa cheche. Kibanio cha waya kinatoa cheche ukiking'oa wakati mashine ya kuchaji ingali inafanya kazi. Kwanza zima mashine, halafu ng'oa.

Wengine husema, "Nikisikia harufu nitafungua." Harufu ya mayai yaliyooza ni ya gesi nyingine, yenye sumu, inayotokea batri ikichajiwa kupita kiasi na kupata joto. Ukiisikia umekwisha kuchelewa. Toa watu, na uzime mashine kwa swichi iliyo nje ya chumba. (Swichi iwe nje siku zote.)

Tulipokea kijana mmoja aliyechaji batri za watu kwa malipo. Jioni alizima jenereta, akaingia kuangalia kama maji yamepungua. Giza. Akawasha mshumaa, akauinamisha juu ya tundu la batri. Ilimpasukia usoni. Wenzake wakampaka mafuta ya mawese machoni, wakaenda kutafuta pikipiki, na karibu saa nzima ilipita bila tone moja la maji. Jicho moja tuliliokoa. Wanafunzi wangu nawaambia wazi: lile la pili lilipotea njiani.

Basi, asidi ikiingia jichoni, maji papo hapo! Maji safi ya kunywa, ukiyamimina polepole toka upande wa pua kwenda nje, kope zikishikwa wazi, dakika 15 kwa uchache, ikiwezekana 30. Halafu lopitali, na njiani mwendelee kumimina. Hapana mafuta, hapana maziwa, hapana bikarbonati jichoni. Bikarbonati ni ya sakafu iliyomwagikiwa asidi.

Sasa chumba. Toboa tundu la chini kwenye ukuta mmoja, na la juu kabisa kwenye ukuta wa pili, karibu na paa. Kama kuna dari ya mbao, tundu liwe chini yake tu, maana dirisha la katikati linaacha hidrojeni juu ya vichwa vyenu. Weka nondo kwa ajili ya mwizi na wavu kwa ajili ya panya. Friji ya chanjo ya petroli, yenye moto wake, isikae humo. Jenereta vilevile, lakini kwa sababu nyingine: moshi wake unaua watu usingizini. Na msilale humo, hata kama batri ni ile iliyofungwa isiyotiwa maji. Nayo ina tundu dogo la kutoa hewa.

Kabla ya kugusa nati, vua pete na saa. Batri ya volti 12 haikurushi, ndiyo maana watu wanaidharau, lakini pete ikigusa pande mbili inakuwa nyekundu kama kaa la moto, na kidole kinaungua mpaka mfupa. Zungushia mpini wa spana mpira. Fizibo ikiungua usiweke msumari mahali pake. Ukichanganya asidi, tia asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, yatakurukia.

Mama mmoja aliniuliza, "Na sisi wa chumba kimoja, je?" Ni swali la haki. Jibu ni sanduku la mbao barazani, mbali na jiko, lenye kufuli, limefungwa ukutani kwa mnyororo, matundu chini na matundu juu chini ya mfuniko, na bati la kuzuia mvua. Waya tu ndio uingie ndani.