Kushiba Bila Nyama: Funzo Kutoka Kahama

Katika nyumba nyingi za wakulima wenzetu wa Unguja na Pemba, bwana akirudi shamba na kukuta sahani haina nyama wala samaki, husema kuwa leo hakuna kitoweo, hata kama chungu cha kunde kimejaa. Maneno hayo ni madogo lakini gharama yake si ndogo. Mkarafuu, kama tujuavyo sote, hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka huu huzaa hadi matawi yakainama, mwaka wa pili ukatupa mkono mtupu. Bucha haingoji mavuno. Deni la nyama likikutana na deni la duka, mkulima huanza kuuza karafuu zake zingali mtini, kwa bei apendayo mnunuzi. Kwa hivyo mambo ya jikoni nayo ni mambo ya shamba, na leo twapenda kuyazungumza.

Tumechagua kuitazama Kahama, katika Mkoa wa Shinyanga. Huenda mwanachama akauliza: kwa nini twende kutafuta elimu ya kupika bila nyama katika nchi ya wafugaji? Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa wa huko ni watu wapendao nyama, na wengi wao hufuga ng'ombe. Lakini ng'ombe kwao ni akiba, ni mahari, tena ni nguvu ya kulimia. Hachinjwi ovyo kwa ajili ya chakula cha jioni. Mwenye zizi lililojaa aweza kula mboga ya majani siku nyingi mfululizo, akashiba, wala asijione maskini. Tena watu hao si wageni kwetu: Wanyamwezi na Wasukuma wengi walivuka bahari zamani kuja kufanya kazi katika mashamba yetu ya karafuu.

Kahama ya leo nayo inajua habari ya fedha inayokuja na kuondoka. Mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ulianza kuzalisha mwaka 2001, na ule wa Buzwagi mwaka 2009. Buzwagi ukafikia mwisho wa kazi yake mwaka 2021. Mshahara wa mgodini ni kama fedha ya karafuu: ukiwapo, nyama choma haikosekani. Usipokuwapo, hutegemewa kilichomo ghalani.

Na ghalani mna vitu. Majani ya kunde huchumwa wakati wa mvua, yakaanikwa na kuwekwa kwa ajili ya kiangazi. Wasukuma huyaita nsansa. Viazi vitamu hukatwa vipande vikaanikwa: vikianikwa vibichi huitwa michembe, vikichemshwa kwanza huitwa matobolwa. Kuna choroko, dengu, njugu mawe, na juu ya yote kuna karanga, au njugu nyasa kama wengine wetu tusemavyo.

Sasa tuitazame siri yenyewe. Mla nyama anaponung'unika, mara nyingi haililii nyama peke yake. Analilia mambo manne yaletwayo na nyama: mafuta yanayobaki mdomoni, kitu cha kutafuna, mchuzi mzito wa kuchovya tonge, na harufu ya vitu vilivyokaangwa. Mpe mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi, umemnyima yote manne. Mpishi wa Kahama humpa mafuta na uzito kwa karanga, na cha kutafuna kwa majani makavu, ambayo hayalegei upesi kama mabichi.

Hupikwa hivi. Chukua konzi mbili za majani makavu ya kunde, uyaoshe vyema kutoa mchanga, kisha uyaloweke katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa. Yachemshe mpaka yalainike. Kaanga karanga kikombe kimoja bila mafuta, pepeta maganda, uzitwange ziwe unga. Ukoroge unga huo kwa maji baridi usiwe na madonge, umimine katika majani, upunguze moto. Koroga mara kwa mara, maana karanga hushika chini ya chungu. Mafuta yakielea juu, baada ya dakika 20 hivi, tia chumvi na uipue. Karanga yoyote iliyoota ukungu itupwe, kwani ina sumu isiyoondoka kwa moto.

Sisi wa visiwani tuna la kuongeza, nalo ni karafuu. Harufu ya karafuu na mdalasini kwetu ni harufu ya pilau, na pilau ni shughuli. Pua ikishapata harufu hiyo, ulimi umekwisha kubali nusu. Loweka njugu mawe usiku kucha, uzichemshe hadi ziive, saa mbili au tatu. Kaanga vitunguu viwili mpaka viwe rangi ya kahawia, wala usiwe na haraka hapo, maana rangi hiyo ndiyo ladha ya rosti. Tia thomu, tangawizi, bizari nyembamba, karafuu nne, mdalasini na nyanya mbili. Mimina njugu pamoja na tui jepesi, zichemke, umalizie kwa tui zito na ndimu.

Wengine watauliza habari ya nguvu. Choroko kavu gramu 100 zina protini kama gramu 24. Zikipikwa hunywa maji, hata gramu 100 za choroko zilizoiva zikabaki na gramu 7 hivi. Basi zipakuliwe kwa wingi, tena ziliwe na wali au ugali, kwani nafaka na kunde hukamilishana. Ndimu husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika majani. Lakini hatusemi nyama iachwe kabisa. Vitamini B12 haipatikani katika mboga wala kunde, hivyo samaki, mayai na maziwa yasikose nyumbani, hasa kwa watoto na mama wajawazito.

Shauri letu ni hili: zitengwe siku mbili katika wiki, na fedha ya nyama ya siku hizo iwekwe mbali, isiguswe. Bibi asitangaze kuwa leo hakuna nyama. Apakue tu chakula kikiwa moto, mchuzi uwe mzito, na bwana apewe sahani iliyojaa. Mwisho wa mwezi fedha ile ihesabiwe na wote wawili. Ikitosha kulipa deni la dukani, karafuu zitabaki mtini mpaka zichumwe, zianikwe, zikauke, na ziuzwe na mwenyewe.