Televisheni Moja, Mawimbi ya Aina Tatu

Ndani ya televisheni ya kidijitali mna kipokezi, yaani tyuna kwa lugha ya mafundi, kinachochagua masafa na kuyageuza mawimbi yaliyomo kuwa data za picha na sauti. Kipokezi hicho hakisomi kila kinachopita kwenye waya. Husoma mfumo wa urushaji kilichotengenezewa tu, na ndiyo maana televisheni mpya kabisa huweza kuwashwa Chake Chake au Wete, kisiwani Pemba, ikatafuta chaneli toka mwanzo hadi mwisho, isipate hata moja.

Zamani tabu hii haikuwapo. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja, na ilirusha kwa mfumo wa analojia uitwao PAL. Mawimbi ya PAL yalikuwa yale yale, yapite hewani au ndani ya kebo, na TV ya chogo iliyapokea yote kwa kipokezi kimoja. Dijitali ndiyo iliyotenganisha njia, na haikufanya hivyo kwa ukaidi. Ndani ya kebo wimbi limekingwa, haligongi kilima wala ukuta, kwa hiyo wahandisi waliweza kulishindilia data nyingi; huo ndio mfumo wa DVB-C. Hewani mambo ni mengine. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na wimbi linalotoka mnara mmoja humfikia mtazamaji mara mbili tatu, mara moja kwa njia iliyonyooka na nyingine kwa kudunda. DVB-T, na DVB-T2 iliyofuata, huzigawa data katika mawimbi madogo maelfu kwa maelfu, kila moja likienda polepole kiasi kwamba mwangwi hauliharibu. Setilaiti nayo iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mawimbi yake hufika yakiwa dhaifu mno, hivyo DVB-S2 hubeba data kwa namna stahimilivu zaidi, ingawa mvua kubwa ya masika bado huikata picha.

Kinachowachanganya wanunuzi ni kwamba waya wa antena, wa kebo na wa dishi unafanana. Hata tundu la antena na la kebo nyuma ya televisheni mara nyingi ni moja. Kilichomo ndani hujulikana kwa herufi zilizoandikwa kwenye boksi: T2 ni antena, C ni kebo, S2 ni dishi. Mwaka 2010 nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, zilichagua DVB-T2 pamoja na mgandamizo wa MPEG-4. Kipokezi cha T2 kwa kawaida husoma pia T ya zamani. Cha T hakisomi T2, hata antena ipandishwe juu ya mnazi.

Televisheni inayoletwa na jamaa kutoka Marekani ina shida kubwa zaidi. Huko hewani hutumika ATSC, na kebo ina mfumo wake usioendana na DVB. Umeme nao ni volti 120, ilhali wa Zanzibar ni 230. Ikishapatiwa umeme unaoifaa, itabaki kuwa kioo cha king'amuzi kupitia waya wa HDMI, na hilo si baya.

Kebo haihusu miji mikubwa peke yake. Nyumba ya wageni inaweza kuweka dishi na ving'amuzi katika chumba kimoja, kisha ikasambaza chaneli kwa waya hadi vyumbani. Mtambo wa kusambazia huenda ukatoa PAL, DVB-C au DVB-T, na televisheni za vyumbani lazima zilingane nao. Kigawanyi cha waya pia kina mipaka: kilichoandikwa MHz 5–1000 kinatosha antena na kebo, lakini mawimbi ya dishi hushuka kwenye waya kwa MHz 950 hadi 2150, na sehemu kubwa huishia hapo hapo kwenye kigawanyi.

Kulingana kwa mfumo hakufungui kufuli. Chaneli za kulipia husimbwa, na televisheni yenye S2 itaziona chaneli za Azam TV kwenye orodha bila kuonyesha picha, kwa kuwa ufunguo umo ndani ya king'amuzi cha kampuni. Tundu la kadi lililo ubavuni mwa baadhi ya televisheni husaidia pale tu kampuni inapotoa kadi na kifaa chake.

Kabla ya kumwita fundi, kuna menyu ya kutazamwa. Televisheni nyingi huuliza kama mawimbi ni ya antena, kebo au setilaiti. Aliyechomeka antena akachagua kebo hapati kitu, kwani kipokezi kinatafuta DVB-C pasipo na DVB-C. Menyu hiyo hiyo huonyesha mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora sifuri, waya unaleta kitu, ila kipokezi hakikisomi: mfumo umekosewa, au dishi limeelekezwa kwenye setilaiti nyingine. Vyote viwili vikiwa chini, dawa ni kuanzia kwenye kiungo cha nje, ambako hewa ya chumvi hugeuza shaba kuwa kijani.