Fahamu: Kwa nini udongo huchoka?

Katika milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo hulima kwa mbinu iitwayo ngoro. Hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatizana, kisha huzifunika kwa udongo unaochimbwa katikati. Mazao hupandwa kwenye matuta; mashimo hukamata maji na udongo unaoporomoka, nazo nyasi huoza zikawa mbolea.

Ngoro hutunza udongo; kilimo cha kisasa nacho huongeza mavuno, lakini kikiendeshwa ovyo huumiza ardhi.

Trekta likilima kina kilekile kila msimu, chini hujengeka tabaka gumu linalozuia mizizi na maji. Magharibi mwa Kenya, matumizi ya miaka mingi ya mbolea ya DAP yamechangia kuongeza asidi mashambani, na fosforasi hunaswa udongoni mahindi yasiipate. Wataalamu hushauri kupima udongo, kuweka chokaa inapohitajika na kuchanganya samadi na mbolea za viwandani.